Mbao Zenye Dawa na Karakana za Uani Katavi

Mbao zenye dawa ni mbao zilizonyweshwa au kupakwa kemikali ili mchwa, bungua na kuvu wasizile. Katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Mpanda, sababu ya kuzitumia inaonekana kwa macho: vichuguu vimesimama mashambani, kando ya barabara na wakati mwingine hatua chache tu kutoka kwenye msingi wa nyumba. Sehemu kubwa ya mkoa ni misitu ya miombo, na penye miombo pana mchwa. Kwa muda mrefu jibu la mafundi lilikuwa mninga na mkora, miti ambayo kiini chake kina kinga ya asili na haihitaji kupakwa chochote. Miti hiyo bado ipo, lakini kuivuna kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mninga wenyewe uliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya mkataba wa CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa.

Pengo hilo linazibwa na paini ya nyanda za juu kusini, hasa Sao Hill wilayani Mufindi na mashamba ya Njombe, inayosafirishwa kwa malori kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga. Paini hukua haraka, ni nyepesi na hupokea msumari bila kupasuka. Kinga yake mwenyewe dhidi ya mchwa ni ndogo mno. Ndiyo maana kenchi, fishabodi na nguzo za uzio huwekewa dawa, na ndiyo maana fundi seremala anayefanya kazi kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba yake, au chini ya mwembe, hujikuta akikata kemikali pamoja na mti bila kujua ni kemikali gani.

Swali la kwanza la usalama ni hilo hilo: dawa gani? Mtaani jina ni moja, lakini vitu ni tofauti sana. Iliyo nzito zaidi ni CCA, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki uliobuniwa na Sonti Kamesan nchini India mwaka 1933. Shaba huua kuvu, arseniki huua wadudu, na kromiamu hufanya kazi ya kuzishikiza mbili hizo kwenye nyuzi za mti zisioshwe na mvua. Mbao au nguzo huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa ikanyonywa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa mgandamizo. Hivyo ndivyo nguzo nyingi za umeme za mikaratusi zinavyoandaliwa. Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa sehemu kubwa ya mbao za makazi kuanzia mwisho wa mwaka 2003, wakahamia dawa za shaba zisizo na arseniki. Afrika Mashariki bado inatumika.

Nyingine ni kriosoti, mafuta meusi yenye harufu kali yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, yanayoonekana zaidi kwenye nguzo na mataruma ya zamani. Zipo pia chumvi za boroni, ambazo sumu yake kwa binadamu ni ndogo lakini huoshwa na mvua, kwa hiyo zinafaa ndani ya paa tu. Halafu kuna dawa za wadudu zinazonunuliwa dukani kwa matumizi mengine kabisa, zikachanganywa na maji kwenye pipa na mbao kuchovywa humo. Mwisho kuna oili chafu ya gari. Hii ya mwisho hupendwa kwa sababu haina gharama, na inaleta faida ndogo kuliko inavyosifiwa: hukaa juu juu, hubeba metali na masizi ya injini, hugandisha meno ya msumeno na hutoa moshi mkali ubao unapopata joto la msuguano.

Kuitambua dawa kwa macho kuna mipaka yake. Ubao uliotoka kwenye CCA huwa na ukijani uliopauka, lakini rangi hiyo hufifia kuwa kijivu baada ya miaka kadhaa juani, wakati arseniki bado imo. Upande wa pili, ubao wa kijani unaweza kuwa umechovywa kwenye maji ya rangi na dawa hafifu kwa dakika chache. Dalili bora iko kwenye uso wa ubao uliokatwa. Dawa iliyosukumwa kwa mgandamizo huingia ndani: kwenye paini hupenya sehemu ya nje ya mti yote, na kwenye mkaratusi huacha pete ya kijani kuzunguka kiini kilichobaki na rangi yake. Dawa ya kuchovya huonekana kama mstari mwembamba pembeni, labda milimita moja au mbili, na ndani ubao ni mweupe. Nguzo zilizotibiwa kiwandani huwa na alama au kibati kinachotaja dawa na mwaka. Penye shaka, hasa kwa mbao kuukuu za kijivu na nguzo zilizong'olewa, ni busara kuichukulia dawa iliyomo kuwa ni CCA hadi ithibitike vinginevyo.

Kiasi cha sumu kinachohusika kinaweza kukadiriwa. Ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa futi 12 una ujazo wa takriban lita 18. Kiwango cha kawaida cha CCA kwa mbao zitakazogusa ardhi ni kilo 6.4 za dawa kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ubao huo ukiwa umepenywa vizuri una takriban gramu 117 za dawa, na ndani yake gramu 26 hivi za arseniki. Kuukata mara moja kwa upana, kwa msumeno wenye unene wa milimita 3, hugeuza sentimita 15 za ujazo kuwa vumbi. Vumbi hilo lina karibu miligramu 100 za dawa, na miligramu 21 ni arseniki. Kuupasua ubao huo huo kwa urefu hutoa vumbi mara 36 zaidi.

Hesabu hiyo haina maana kwamba fundi humeza miligramu 21 kila anapokata. Sehemu kubwa ya vumbi ni punje nzito zinazoanguka miguuni, na arseniki iliyoshikana na mti haiachii yote mwilini. Inachoonyesha ni mahali penye uzito. Mikato michache ya kupunguza urefu ni jambo dogo linaloweza kudhibitiwa. Kupasua, kuranda na kupiga msasa mbao zenye CCA nyumbani ni jambo jingine, kwa kuwa kazi hizo hutoa vumbi jingi na jembamba. Msasa wa mashine ndio mbaya kuliko vyote: vumbi lake huelea hewani muda mrefu na kufika ndani ya mapafu.

Vumbi la mti, hata lisilo na dawa, si salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililoko Lyon, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mapango yake. Arseniki na aina kali ya kromiamu zimo kwenye kundi hilo hilo. Fundi anayeranda mninga siku nzima naye anajua jinsi pua inavyowasha na kifua kinavyobana. Mninga na mvule hujulikana kuleta pumu na upele kwa baadhi ya mafundi. Kwa hiyo dawa huongeza mzigo juu ya mzigo uliokuwepo.

Umri wa ubao nao una uzito wake. Kromiamu iliyomo kwenye dawa mpya iko katika hali yake kali, na hubadilika kuwa hali tulivu kadiri dawa inavyoshikana na mti. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kulingana na joto na unyevu. Ubao ulioloa, mzito, unaoacha majimaji ya kijani mkononi haujamaliza kushikana, na kuukata wakati huo huleta madhara mawili kwa pamoja: ngozi hupata kromiamu kali, na msumeno hubanwa na nyuzi zilizovimba. Mbao za namna hiyo zapaswa kupangwa kivulini, zikiachanishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zifunikwe mvua isizioshe, na zisiguswe hadi zikauke. Kungoja huko pia huzuia kenchi zisipinde zikiwa tayari juani.

Njia bora ya kupunguza hatari ni kupunguza mikato. Hili huamuliwa kabla msumeno haujachukuliwa, wakati wa kuandika orodha ya mbao. Anayehitaji mbili kwa mbili anunue mbili kwa mbili, asinunue mbili kwa nne ili aipasue. Anayejenga uzio apange urefu wa nguzo ulingane na urefu unaouzwa. Kitanda, meza, kabati la vyombo na ubao wa kukatia mboga havihitaji dawa hata kidogo, na kuvitengeneza kwa mabaki ya mbao za paa ni kubana matumizi mahali pasipofaa. Kupasua nguzo ya umeme iliyozeeka ili kupata mbao kuna hasara ya ziada: kiini cha mkaratusi hakinywi dawa, kwa hiyo fundi huvuta vumbi la pete yenye sumu na kuishia na ubao ambao mchwa ataula kuanzia katikati.

Kwa mikato iliyobaki, msumeno wa mkono unastahili heshima kuliko unavyopewa siku hizi. Meno yake makubwa hutoa punje nene zinazoanguka chini badala ya kuelea, hauhitaji jenereta, na ubao unaweza kunyunyiziwa maji kidogo ili vumbi lisiruke. Maji hayo hayo karibu na msumeno wa umeme ni hatari ya kifo. Kukata vipande kumi vya uzio kwa mkono huchosha, lakini si kazi ya kutwa nzima.

Msumeno wa duara wa umeme ukitumika, meno yawe makali, kwa sababu meno butu husaga mti kuwa unga na kuuchoma. Ubao ushikiliwe imara upande unaobaki, na kipande kinachodondoka kiachwe huru, ili ufa usifunge na kuubana msumeno. Penye mashine ya meza, bamba jembamba linalosimama nyuma ya meno lisiondolewe. Ndilo linalozuia ufa kufunga na ubao kurushwa kifuani mwa fundi. Paini yenye unyevu hufunga ufa kwa urahisi sana. Mbao kuukuu zikaguliwe misumari kabla ya kukatwa, si baada ya jino la kwanza kuruka. Glavu huvaliwa wakati wa kubeba na kupanga mbao, kwa ajili ya vibanzi na majimaji ya dawa, na huvuliwa mbele ya meno yanayozunguka, kwa kuwa kitambaa kikikamatwa huvuta mkono wote.

Grainda inahitaji neno lake. Ni kifaa cha kukatia na kusugulia chuma, nayo ya kawaida ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, karibu maradufu ya msumeno wa duara wa kawaida. Mafundi wengi huifunga diski yenye meno ya mbao na kuondoa kifuniko ili diski itoshe. Hapo hakuna ulinzi wowote uliobaki: meno yakikwama kwenye fundo la mti, kifaa kizima huruka kuelekea usoni au pajani. Hakuna kazi ya mbao nyumbani inayohalalisha mpango huo, na kwenye mbao zenye dawa grainda huongeza kosa la pili, kwa sababu mwendo wake hutawanya unga mwembamba mbali kuliko kifaa kingine chochote.

Karakana ya uani ina sifa moja ambayo vitabu vya viwandani havikuizingatia: ndiyo hapo hapo jikoni, bombani, kwenye kamba ya nguo na mahali watoto wanapochezea. Kwa hiyo mahali pa kukatia pachaguliwe kwa upepo. Ukiwa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, ardhi ya Mpanda ni kavu na upepo hubeba vumbi hadi kwa jirani. Eneo la kukatia liwe upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda nje, na mkataji asimame mgongo kwenye upepo. Turubai litandikwe chini. Bila turubai unga huchanganyika na udongo, na mtoto anayetambaa huweka udongo mdomoni. Mvua zikianza Novemba, kilichobaki juu ya ardhi hufuata maji hadi bustanini au kisimani.

Barakoa ya kitambaa na ile ya hospitali hazitoshi, kwani vumbi jembamba hupita pembeni. Inayofaa ni ile ya N95 au FFP2, iliyobana uso vizuri. Ndevu nene huivunjia kazi. Hata hiyo huzuia vumbi tu. Harufu ya kriosoti au ya dawa ya wadudu ikipenya, maana yake ni mvuke, na mvuke huhitaji kichujio cha mkaa, au kuacha kazi hadi mbao zipoe na kukauka kwenye hewa wazi. Miwani ya kinga haina mjadala. Penye fundi aliyeajiri vijana, jambo hili lina sura ya kisheria pia: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, humtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kinga.

Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Anayekula ugali kwa mkono humeza kile kilichobaki kwenye kucha zake. Nguo za kazi zikung'utiwe nje, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto. Desturi ya kunyunyiza maji uani kabla ya kufagia inafaa sana hapa. Kufagia vumbi kavu ni kulirudisha hewani.

Uso mpya uliokatwa huwa mlango wa mchwa kwa kuwa ndani dawa ni hafifu au haimo. Upakwe dawa ya kumalizia inayofaa, kama naftenati ya shaba, mara mbili hivi, kwa brashi na glavu. Kwenye nguzo za uzio upo ujanja usiogharimu kitu: upande uliotibiwa kiwandani ndio uingie ardhini, na ulikokatwa ukae juu na kufunikwa kwa kipande cha bati.

Yote yaliyotangulia yanahusu saa moja au mbili za kukata. Kinachofuata huchukua miezi, na ndicho kinachodhuru watu wengi zaidi, wakiwemo wasiogusa msumeno. Maranda na pumba za mbao ni mali katika mji kama Mpanda. Huchukuliwa bure kwa fundi na kupelekwa kwenye banda la vifaranga, hushindiliwa kwenye jiko la pumba, hutumika kuotesha uyoga. Fundi asiyetenganisha maranda ya mninga na ya mbao zenye dawa anasambaza arseniki mtaa mzima kwa nia njema. Kuku hudonoa matandiko yao. Uyoga hufyonza metali kutoka kwenye kile unachooteshwa. Mifuko miwili, mmoja wa mabaki safi na mmoja wa yenye dawa, humaliza tatizo hilo, mradi iwekwe alama na ule wa pili usitolewe kwa mtu.

Katavi ni nchi ya asali pia, na Inyonga wilayani Mlele ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana kwayo. Mizinga ya kisasa ya mbao hutundikwa porini ambako mchwa na mvua huishambulia, hivyo wazo la kuitengeneza kwa mbao zenye dawa huja lenyewe. Ni wazo baya. Utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1980 ulikuta arseniki kwenye nyuki waliofugwa katika mizinga ya CCA, na makundi ya nyuki yalipotea majira ya baridi. Mzinga utengenezwe kwa mbao safi, na ulinzi wake uwe nta au mafuta ya kitani kwa nje, pamoja na waya wa kuutundika mbali na ardhi.

Kuchoma ndiko kubaya kuliko yote. Moto hauiharibu arseniki: sehemu hupanda na moshi, sehemu kubwa hubaki kwenye majivu ikiwa imeachiliwa kutoka kwenye mti ulioishikilia. Mwaka 1984 madaktari waliandika kuhusu familia ya watu wanane huko Wisconsin, Marekani, iliyotumia mabaki ya mbao za CCA kama kuni za kupashia nyumba joto: walipata upele, walinyonyoka nywele, misuli ikauma, watoto wakapata degedege, na dalili zilirudi kila majira ya baridi. Jiko la ndani Mpanda halitofautiani na lile isipokuwa kwamba juu yake kuna sufuria. Vichwa vya mbao na vibanzi vyenye dawa visiingie kwenye rundo la kuni, wala visitumike kuwashia mkaa, wala kuchomea matofali.

Vipande virefu vina matumizi: vigingi vya uzio, miguu ya tangi la maji, kitu chochote cha nje kisichogusa chakula wala mifugo. Unga na vipande vidogo vifungwe kwenye mfuko imara na kupelekwa dampo la halmashauri. Pasipo na dampo, shimo refu mbali na kisima, mbali na bustani na nje ya njia ya maji ya masika ndilo lenye madhara madogo zaidi, ingawa si suluhisho safi.

Majivu yaliyokwisha kupatikana, pale ambapo mbao hizo zilichomwa kabla mtu hajajua, yanahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu majivu nyumbani hayatupwi. Hutumika kusugulia masufuria, huwekwa kwenye mchicha kufukuza wadudu, humwagwa chooni, na huchanganywa na maharage au mahindi ghalani ili dumuzi wasiyatoboe. Majivu ya mbao zenye CCA yasiguswe kwa mkono mtupu wala kuachwa mahali mbuzi na ng'ombe watayalamba kwa kutafuta chumvi. Yaloweshwe kwanza yasipeperuke, yazolewe pamoja na udongo wa chini yake kwa kina cha vidole vinne hivi, yafungwe kwenye mifuko miwili na kuzikwa au kupelekwa dampo. Na nafaka iliyokwisha kuchanganywa nayo isiliwe wala kupewa kuku.